Kidonge Kimoja, Watu Wawili

Mama,

Nakuomba, haya yabaki huko uliko. Usimwambie hata baba, mpaka nijue kama bado nina kazi.

Unakumbuka kazi yangu hapa kliniki ya Musoma: wagonjwa wa presha wanarudi na pakiti, nahesabu vidonge vilivyobaki, naandika kama wanameza sawasawa. Wewe ulikuwa unatoka Butiama na pakiti tupu, siku ileile inayotakiwa. Kila mwezi nilikuandika "anameza vizuri", nikajivuna. Halafu kiharusi kikakuchukua. Sikuelewa. Dawa zilikwenda wapi?

Tulipoanua matanga nilimkuta Mama Mdogo, mke mwenzako, jikoni anakata kidonge kwa kisu cha kumenyea viazi. Akacheka kwa aibu: "Mwenzangu alikuwaga ananikatia. Kwani nusu si dawa?" Hicho kilikuwa cha mwisho.

Mama, kumbe mligawana hata presha! Nikataka kujua ni wangapi wanafanya hivyo. Zamani niliuliza, "Umemeza?" Sasa nauliza, "Nyumbani mnameza wangapi?" Mzee mmoja wa Bunda alinidhihaki: "Karani, na kuku tuwahesabu?" Kisha akamtaja mkewe. Mama mwingine humpelekea mdogo wake kisiwani Rukuba. Kitabu changu kinasema wote wanameza vizuri.

Niliogopa. Miezi yote hiyo ni mwandiko wangu. Lakini Mama Mdogo alikuwa anaumwa kichwa na hana hata nusu. Jana nikamleta. Akagoma mlangoni: "Watasema nilimla mwenzangu uhai." Nikamwambia aliyekosea ni mimi, sikuuliza. Nikayarudia hayo mbele ya daktari. Aliangalia kitabu muda mrefu, akasema, "Mpe mama kiti kwanza." Kuhusu mimi hajasema lolote.

Mama Mdogo ana kadi yake sasa, na vidonge vyake vizima. Ameuliza mara tatu kama kweli vyote ni vyake.

Pumzika, Mama. Naahidi sitaandika tena "vizuri" kwa kuangalia pakiti tu. Ukinihitaji, usinitafute kliniki, huenda nisiwepo. Chumba changu cha mtaa wa Kitaji unakijua. Ila Jumamosi nitakuwa kwa Mama Mdogo. Ukiwa na neno, mpe yeye ndotoni. Mimi nikiamka huwa nimesahau.

Mwanao