Betri Hubadilishwa Umeme Ukiwaka

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Nukta amenichoropoka sasa hivi, gauni nusu mwilini nusu sakafuni, akaenda kubandika shavu lake kwenye ubavu wa mashine. Akatulia. Halafu akanigeukia, akaninong'oneza, "Mama, imelala." Nikasema hapa hapa nikae nikuandikie kabla sijaishiwa ujasiri, maana hiyo mashine unaijua.

Shikamoo baba. Natumaini mkono wako wa kulia unaendelea kupata nguvu, na shangazi hakugombezi sana kwa sababu ya ile dawa chungu. Sisi huku wazima. Baba Nukta yuko safarini na lori, atarudi wiki ijayo. Mjukuu wako ameota magego, anang'ata kila kitu. Ukiangalia kona ya karatasi hii utaona alama.

Sasa niseme. Nimeinunua mashine yako. Ile ya kuchonga vyuma, ya kompyuta, yenye skrini ya herufi za kijani, uliyosimama nayo miaka kumi na tisa. Walikuwa wanakisafisha kiwanda, na mwenye skrepa, mnunuzi wa chuma chakavu, alishaipiga chaki. Baba, nilipoiona ile chaki, mdomo wangu uliongea kabla ya kichwa. Cherehani ya marehemu mama imekwenda humo. Sikufichi.

Nimeiweka kwenye yadi ya mafundi, jirani na mchomeleaji mmoja wanayemwita Cheche. Mwenye yadi ni mama asiyecheka bure. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa nne: ikate chuma, au itoke aingie mwingine. Na watu wa karakana ya pampu za maji wamesema wakiona nyumba moja tu ya beringi, kile kipande chenye tundu la kuikalisha, imetoka sawa kwangu, watanipa nyingine tisa na kazi itaendelea. Kwa hiyo kila kitu changu kimesimama juu ya mashine iliyolala. Cheche ananiita Mama Jokofu. Anasema nimenunua jokofu kubwa kuliko yote mjini, kasoro yake ni kwamba haligandishi.

Nakumbuka kiwandani walikuwepo mafundi wengi, lakini mtu akipaza sauti "Fundi!" bila kutaja jina, uliyegeuka ni wewe peke yako. Mimi nikikuletea chakula nilisimama nyuma ya mstari wa njano nikiangalia vidole vyako. Naijua mashine kwa macho tu. Nifundishe, baba. Najua masikio yako hayapatani na simu, basi niandikie. Niliishia darasa la saba lakini mwandiko wako naumudu.

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mkono uko vilevile, unatikisika kama una haraka ya kwenda mahali bila mimi. Shangazi yako mzima. Barua yako amenisomea kwa sauti mara mbili ili nisikie, kwa hiyo sasa mtaa mzima unajua. Nukta mwambie babu amesema chuma hakiliwi.

Cherehani ya mama yako! Hapo siongezi neno.

Ile mashine imekuzidi umri. Bodi za kompyuta yake hakuna anayezitengeneza tena. Ikiungua moja, unabaki na meza ya chuma ya kuanikia nguo. Nilisimama nayo miaka kumi na tisa, na siku wanafunga geti hakuna hata mmoja aliyeniuliza inazimwaje. Sitaki kuisikia. Sikufundishi, na si kwa ubaya. Umechagua kitu kitakachokuliza. Mwite mwenye skrepa, ukomboe cherehani.

Ila kama utaigusa, hata kwa kufuta vumbi tu, sheria ya nyumba yetu unaijua: mkono hauingii kabatini mwa mashine mpaka umeme umezimwa.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama wewe na shangazi. Sisi afya nzuri, mioyo ndiyo haiko sawa.

Sikumwita mwenye skrepa. Nilimwita fundi umeme, akaunganisha nyaya, na mashine ikaamka. Nilibonyeza kama nilivyokuwa nakuona ukibonyeza, meza ikasogea taratibu, ikarudi. Nukta akapiga makofi. Mimi nililia, usimwambie mtu. Lakini pembeni ya skrini palikuwa na neno dogo linalokonyeza: BETRI. Fundi umeme akasema hizo hata mtoto anabadilisha, nikaona nisimlipe mtu kwa kazi ya mtoto.

Nikanunua betri tatu mpya, zile nene za tochi. Nikafanya kama ulivyotulea. Nikazima swichi kuu. Nikatoa na fyuzi nikaitia mfukoni, ili mtu asije akawasha mkono wangu ukiwa ndani. Nikatoa betri za zamani, nikasugua kutu kwa msasa, sikuwa na haraka hata kidogo. Nikaweka mpya. Nikawasha.

Sifuri. Sifuri. Sifuri. Skrini nzima, ukurasa baada ya ukurasa, na taa nyekundu juu.

Fundi umeme aliporudi akashika kichwa. "Mama, hizi hubadilishwa umeme ukiwaka! Mashine ikizimwa, kumbukumbu yake inaishi kwa betri. Umezima, halafu ukatoa betri. Umeinyima pumzi pande zote mbili." Namba zote zinazoiambia ina meza ya urefu gani, igeuke kwa kasi gani, isimame wapi, zimekwenda. Karatasi ya namba hizo iliyokuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati imebaki gundi tu.

Nimeiua kwa kukutii, baba. Sisemi kwa lawama, ndivyo ilivyotokea. Kama zile namba uliwahi kuziandika popote, hata kwenye boksi la kiberiti, naomba.

Binti yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo siku ya kumi, na kijana wa ofisi ya mabasi, pale zinapofikia barua zako, akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza. Natumaini si ugonjwa. Kama ni ugonjwa, shangazi aniandikie mstari mmoja. Kama ni hasira, nikasirikie kwa maandishi, nitaelewa vizuri zaidi.

Mimi sijakaa. Nimesafisha reli zote mpaka unaweza kujiona uso. Nimefungua tangi la mafuta, humo ndani nimekuta kitambaa chako cha bluu, kile ulichomsingizia mama kwamba amekitupa. Nimezibua mirija ya mafuta mmoja mmoja kwa waya. Cheche amepita akaniuliza, "Mama Jokofu, sasa hata taa ya ndani haiwaki?" Nikamwambia, "Subiri, likigandisha utakuja na bakuli kuomba barafu." Yadi nzima ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Mwenye yadi hakucheka. Ameangalia reli, amenyoosha kidole kwenye kalenda, akaenda zake.

Usiponijibu nitaenda kwa miguu yangu kuwatafuta wote waliowahi kufanya kazi na wewe, mpaka nimpate aliyezinakili. Sikuandikii kukutisha, nakujulisha tu.

Binti yako

6 Aprili

Mama Nukta, mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, shangazi mzima. Sikukasirika. Nilikuwa naandika.

Zile namba niliwahi kuzinakili kwenye daftari, mwaka ulioanza kutembea. Lilikuwa ndani ya sanduku langu la bati, limelowa mafuta, kurasa zimeshikana. Nikaogopa kulituma, likipotea njiani hakuna lingine duniani. Nikasema nitanakili. Mkono wa kulia ukakataa siku mbili, nikaamua kutumia wa kushoto. Namba mia nne na kumi na mbili. Kwa siku nilikuwa napata thelathini, siku nzuri arobaini. Shangazi anasoma kwenye daftari, naandika. Nikimaliza ukurasa mimi nasoma, yeye anakagua. Tumegombana kila ukurasa. Saba zote nimezikata kiuno usizidhanie moja.

Kosa ni langu, liache kwangu. Sheria ile ni ya mikono, na ni ya kweli, lakini betri zile ndizo peke yake zisizoifuata. Nilizibadilisha kila mwaka umeme ukiwaka, mkono mmoja nyuma mgongoni usije ukagusa waya. Wewe ulikuwa nyuma ya mstari wa njano, kabati limekupa kisogo, ungeonaje? Uliniuliza, nikakujibu kwa ukali badala ya kukufundisha. Ningekufundisha, namba zingekuwepo.

Sasa sikiliza. Kwanza geuza ule ufunguo mdogo chini ya skrini, bila huo haikubali kuandikwa. Ingiza namba moja moja, na kila mstari usome tena kwa sauti kabla ya kushuka. Usiharakishe. Nukta ya namba ukiisahau, meza itakwenda mahali isipopaswa kwenda, kwa hiyo siku ya kwanza kuisogeza, kidole kikae kwenye kitufe chekundu cha kuisimamisha.

Utaona namba moja nimeiacha wazi. Ni ya mchezo wa skrubu, ile skrubu ndefu inayosukuma meza kushoto na kulia. Ipo daftarini, ila nimekataa kukupa. Skrubu imezeeka tangu nilipoiandika. Ya kwangu itakudanganya. Ipime mwenyewe. Ndani ya soksi niliyoifunga pamoja na barua hii kuna saa yangu ya kupimia. Ibane isitikisike, ncha yake iguse meza. Sukuma meza upande mmoja, weka saa sifuri, halafu irudishe kidogo kidogo. Pale skrubu inapozunguka na meza haijaitika, ndio mchezo wenyewe.

Baba yako

15 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo wewe na shangazi, na ahsanteni nyote wawili kwa ugomvi wenu. Ule mwandiko wa kushoto nimeushika nikashindwa kuanza. Nukta ameubusu, sikumwambia afanye hivyo.

Nimeingiza zote mia nne na kumi na moja. Siku tatu, Nukta mgongoni, nikisoma kwa sauti kama ulivyosema. Kila nikitaja "nukta" yeye anaitika "Abee!" Nilipomaliza nikakagua kuanzia mwisho kurudi mwanzo, maana ukisoma kuelekea mbele macho yanazoea uongo. Nilikuta tatu nimekosea. Taa nyekundu imezimika juzi saa nne asubuhi.

Sasa skrubu. Mara ya kwanza saa imenipa milimita 0.11. Mara ya pili 0.15. Nikajua mmoja kati yetu anadanganya, na saa si yangu, kwa hiyo ni mimi. Kumbe sikuibana vizuri. Nikabana, nikapima mara kumi kila mahali. Pembeni kushoto 0.06, pembeni kulia 0.06. Katikati 0.11, kila mara 0.11. Imelika katikati, baba, pale uliposimama ukichonga miaka yote. Nikakaa nikawaza. Jiliwa la kubania kazi liko katikati. Kazi yangu yote itakuwa katikati.

Naingiza 0.11. Nilitaka kukusubiri unijibu lakini siku zimebana, na nadhani ungenicheka nikisubiri. Kama nimekosea, utaniambia nikishakosea.

Binti yako

22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Ya katikati. Nami ningeweka hiyohiyo.

Kipande cha kwanza kitaharibika, usikione cha ajabu. Kizuri mpe mteja. Kilichoharibika nitumie mimi.

Baba yako

27 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali zenu? Huku sote wazima. Baba Nukta amerudi jana, amekuta mstari wa njano sakafuni, ameuruka kama mtaro. Nimeuchora mwenyewe. Nukta anasimama nyuma yake, vidole vya miguu vimegusa rangi, na mtu mzima akivuka bila ruhusa anapiga kelele mpaka arudi.

Ndani ya furushi hili ndicho kile ulichokiomba. Usiangalie tundu lake, limekuwa yai. Mashine haikukosea, jiliwa sikulikaza vya kutosha. Nilijua kabla hata sijalipima, mlio ulibadilika. Wewe uliwahi kuniambia masikio yako yaliharibika kwa kusikiliza, leo nimeelewa ulikuwa unasikiliza nini.

Cha pili nimekaza, nimerudia. Mtu wa pampu amekuja asubuhi na maikromita yake kwenye kiboksi chenye velveti. Akapima juu, akapima chini, akazungusha, akapima tena. Mwenye yadi amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Halafu akatoa beringi mfukoni, akaisukuma kwa kidole gumba tu. Ikashuka taratibu, ikakaa. Akaitikisa: kimya. Akaweka kila kitu kwenye mkoba akaniuliza, "Na hizo tisa, lini?" Mwenye yadi akageuka kwenye kalenda, akaing'oa ukutani, akaondoka nayo kwapani. Sijawahi kuona mtu anafurahi namna hiyo.

Nimebandika kadi mpya ndani ya mlango wa kabati, kwa rangi isiyofutika: BETRI UMEME UKIWAKA, MKONO MMOJA MGONGONI. Na namba zako mia nne na kumi na mbili zipo kwenye madaftari mawili, moja hapa na moja chini ya godoro. Ile ya wazi nimeijaza mimi kwa mwandiko wangu, katikati ya mwandiko wako. Haijapendeza lakini imekaa.

Sasa mashine inakata ya tatu, mimi niko hatua mbili kutoka kitufe chekundu, naandika juu ya goti. Nilitaka nikuulize jambo la mafuta ya spindo, ule mhimili unaozungusha kisu, kama ni yale mepesi au, ngoja, huko nje kuna mtu anapiga kelele, "Fundi! Fundi, njoo, hii flenji ya bomba imenishinda tundu!" Ni Cheche. Nimegeuka nyuma kuangalia anamwita nani, yadi nzima watu wameinama kwenye kazi zao, hakuna aliyeitika, na yeye ananitazama moja kwa moja, kumbe anayemwita Fundi ni…