Nyuzi Mbili Nyekundu

Saint-Jean, 3 Mei 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekubali kupanda ngazi. Mimi sijambo, ila miguu. Nimefika mwanzo wa njia ya mahujaji, na kesho naanza kuvuka milima kuingia Hispania.

Usinigombeze kuhusu mkoba mdogo. Nina nguo mbili mbili, moja mwilini na moja kambani, na kipande cha sabuni cha kuoshea vyote, nywele na soksi. Nimeshafua leo. Sinki halikuwa na kizibo, nikaziba kwa soksi. Mjerumani mmoja aliniona nimekunja shati ndani ya taulo nikilikanyaga kwa visigino kama ulivyotufundisha. Akauliza, "Dada, unaua nyoka?"

Nimemwonyesha mwenye nyumba ya mahujaji ninakolala picha ya Goulven. Anamkumbuka. Alipita Februari, wakati wa theluji, mpole, hana maneno mengi. Miezi mitatu ya kimya si ajabu kwa mdogo wangu, unamjua. Kiwandani wamenipa wiki sita, dagaa watajipanga wenyewe kwenye makopo. Nitakuletea mwanao.

Niandikie posta ya Burgos, nitaichukua dirishani.

Binti yako,
Soizic


Douarnenez, 8 Mei 1994

Binti yangu,

Marahaba. Goti linapanda ngazi likinung'unika kama marehemu baba yako. Mengine mazima.

Sasa nisikilize. Sufu haikamuliwi, inabanwa tu. Soksi zisipokauka usiku, zibane kwa pini nyuma ya mkoba zikauke ukitembea. Mwenye nguo mbili hana ruhusa ya kuwa mchafu, maana mchafu akiuliza njia hujibiwa na mbwa. Nawe una mengi ya kuuliza.

Tazama kamba za watu. Nguo zote za nduguyo nilizitia alama kwa ndani, nyuzi mbili nyekundu, kama zako zilivyo na uzi mmoja. Miaka thelathini nimefua shuka za hospitali na haikunipotea hata moja. Aliyenipotea ni mtoto.

Kuna jambo sikukuambia. Unajua alivyolala kitandani mwaka mzima tangu tumzike baba yenu, nami nikimpelekea supu na kumbadilishia shuka. Asubuhi moja nilichoka. Nikamwambia, "Goulven, wewe ni mzigo, na mgongo wangu umekwisha." Akaoga, akafunga mkoba, akanibusu, akatoka. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini ukimpata, kabla hujamwuliza lolote, mwambie mama amelifuta neno lile. Ndilo ninalotaka tu. Kurudi au kutorudi ni juu yake.

Mama yako


Burgos, 16 Mei 1994

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama palepale posta. Pole, Mama. Mimi mwenyewe nilimwambia mabaya zaidi ya hayo, basi tu sikuwa wa mwisho kusema naye. Afya ni njema, malengelenge yameshakuwa ngozi ya kiatu.

Hata kabla sijaisoma, alama yako ilikuwa imejibu! Wiki iliyopita, kwenye nyumba ya mahujaji kabla ya Logroño, niliona soksi za kijivu kambani. Nikazigeuza: nyuzi mbili nyekundu. Nikazikumbatia zikiwa mbichi, mbele ya watu. Akatoka Mholanzi mmoja mrefu kama mlingoti, taulo kiunoni. Anasaidia kazi pale tangu majira ya baridi.

"Dada, hizo ni zangu."

"Zako tangu lini?"

"Kijana mmoja alinipa, mwezi wa pili. Nilimkatalia, akaziacha juu ya kitanda changu. Akasema mzigo ukipungua mtu hutembea vizuri."

Basi tangu hapo ninafuata vitu vyake. Koti la mvua analo mjane mmoja wa Logroño. Hapa Burgos mlinzi wa kanisa analalia blanketi lake. Kila mtu anamsifu. Umeona, Mama? Anasafiri mwepesi kuliko mimi. Naona amepona.

Niandikie León.

Soizic wako


Douarnenez, 20 Mei 1994

Mwanangu,

Marahaba. Naandika haraka ili niiwahi posta, salamu zaidi utanidai.

Nimemsomea jirani, Mama Kerloc'h, barua yako. Akapiga makofi, ati Goulven amekuwa mtakatifu. Nikamwambia, "Mtakatifu gani anagawa koti la mvua mwezi wa pili?" Akainamia kahawa yake.

Soizic, hospitalini nimepokea nguo za watu wengi. Anayetaka kupona hukataa hata kuvuliwa soksi. Wale walioanza kugawa slipa zao, nilikuwa najua shuka zao nitazifua lini. Acha kutembea. Panda basi.

Mama yako


León, 25 Mei 1994

Mama,

Shikamoo. Nimepanda basi.

Mtawa mmoja hapa anao mkoba wake. Mkoba wenyewe, mtupu, umetundikwa msumarini jikoni, wanawekea vitunguu. Aliondoka na mfuko wa plastiki, ndani yake shati, ile sweta uliyomfumia, na sabuni. Mtawa alimwambia, "Mwanangu, hujaji hubeba anachohitaji." Akajibu, "Ndicho nilichobeba, Mama Mtawa."

Niandikie Villafranca. Leo sikufua. Nimekaa tu nikitazama beseni, naogopa.

Soizic


Douarnenez, 9 Juni 1994

Soizic,

Nimetuma barua mbili Villafranca, hujajibu. Sikuulizi afya kwa kuwa naogopa utakachojibu. Kila akija mleta barua nasimama nyuma ya pazia, namtazama anavyotembea.

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie hata kama ni hilo.

Mama


Villafranca, 14 Juni 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Mwite Mama Kerloc'h akae nawe, kisha uendelee kusoma.

Goulven amefariki. Amefariki tangu Machi, Mama. Tulipokuwa tunaandikiana barua hizi, alikuwa ameshazikwa.

Juu ya Villafranca kuna kijiji kando ya mto, na nyumba ya mahujaji ya Bi Herminia. Ana kikapu cha nguo zilizosahauliwa kambani. Nilikipekua mpaka chini. Palikuwa na shati lenye nyuzi mbili, na sweta yako.

Bi Herminia anakumbuka. Saa sita mchana Goulven alilifua shati, akalianika. Jua lilikuwa limetoka, akaivua sweta akaiacha kitandani. Akasema, "Bibi, naenda mtoni kuosha miguu, nitarudi kabla halijakauka." Jioni ikaja mvua, ikanyesha siku mbili. Bi Herminia alidhani ameshaendelea na safari, mahujaji husahau nguo kila siku. Analia kila akiniona, nami sina la kumlaumu.

Nikaenda kwa askari mjini. Kwenye daftari lao wameandika: mwanamume, hana karatasi, ameopolewa mtoni siku tatu baadaye, fulana yenye nyuzi mbili nyekundu shingoni. Mto ulikuwa umefurika kwa theluji iliyoyeyuka. Waliniuliza kama alitaka mwenyewe. Niliwajibu sijui. Kweli sijui, Mama, hilo ndilo linalonila.

Amezikwa vizuri, karibu na ukuta. Msalaba haukuwa na jina, nimeliandika. Nimemwambia pale pale kwa sauti kwamba umelifuta neno. Nimerudia mara nyingi, mpaka mchimba makaburi akaniletea maji.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa naona uso wako. Nisamehe.

Shati na sweta nimekutumia kwa posta. Sweta ilikuwa inanuka jasho na tumbaku, nikaona aibu kukutumia nguo ya mwanao ikiwa vile. Nimeifua kwa maji baridi, nikaibana bila kuikamua, nikaikausha kivulini. Imetakata.

Soizic


Douarnenez, 22 Juni 1994

Mwanangu Soizic,

Marahaba. Nipo. Nakula Mama Kerloc'h akinisimamia.

Furushi lilifika Jumatatu. Nikafunga mlango, nikatia uso ndani ya sweta. Sabuni. Nikamtafuta kwapani, nikamtafuta shingoni, nikaigeuza ndani nje. Sabuni tu. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio. Akaishika, masikini, akasema, "Imefuliwa vizuri," nikamfukuza. Baadaye nilimwita tena.

Usilie. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba nguo chafu ni aibu, na umejifunza vizuri mno. Hata shuka za kitanda chake nilizivua siku ile ile alipoondoka, nikazichemsha. Nilidhani nasafisha nyumba. Sasa hakuna kitu humu ndani chenye harufu yake.

Umesema hujui kama alitaka mwenyewe. Nami sikuwepo. Lakini nimefua miaka thelathini, na mtu anayefua shati saa sita mchana analitaka kesho. Nimemwambia hivyo padri, nimemwambia mleta barua ambaye hakuniuliza. Kuna saa naamini na kuna saa siamini kabisa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, usinitafutie dawa.

Sasa rudi nyumbani. Nina ombi moja, usinibishie kama kawaida yako. Usifue chochote njiani. Soksi, fulana, leso, zote njoo nazo kama zilivyo. Wakiziba pua kwenye treni, waache wazibe. Ukifika ziweke juu ya kiti kile karibu na jiko, nami nitakaa nazo siku chache. Kufua nitafua baadaye.

Mama yako