Sale la Siku ya Arobaini na Nne

Dada Herieth,

Shikamoo. Huku Marangu hatujambo. Ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike, na kahawa imechanua baada ya mvua ya juzi.

Umeuliza habari za Anansia, yule tunayefanya naye kazi halmashauri. Ukuu wa kitengo aliustahili yeye, lakini mimi niliwaandikia wakubwa kwamba kwa umri wa miaka hamsini na sita ameshachoka, wakampa mwenye thelathini. Alikuwa na siku arobaini na tano za kukata rufaa, na barua alishaiandika.

Siku ya arobaini na nne nilikata tawi la sale hapo mpakani kwetu, nikampelekea nyumbani kwake Rau kuomba msamaha. Unajua mwenyewe, Mchagga akiletewa sale hana budi kusamehe. Alilipokea kwa mikono miwili, akaichana barua mbele yangu, kisha akanipakulia mtori.

Kanisani wananisifu kwa unyenyekevu. Siku hakuna aliyezihesabu ila mimi.

Lile tawi Anansia amelipanda mlangoni kwake. Limeshika. Kila nikipita ananiita nije nilione.

Mdogo wako,
Sifael