Sindano ya Kalume

Jumanne, 11 Machi
Nimerudi toka shambani Kailo saa tisa, kwa piki. Mupunga uko muzuri. Mimi hapana. Kichwa kinazunguka, miguu mizito. Watu wanasema ni funga. Si funga. Ilianza kabla ya mwaka mupya, na tangu hapo sijamukaribia Zaina. Miaka sitini na mbili mimi, yeye hamsini na sita. Hatujawahi kukaa hivi isipokuwa wakati wa vita. Ramadhani imenipa kisingizio. Lakini baada ya futari si haramu, na Zaina anajua hayo kuliko mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Baada ya swala Kalume kanivuta pembeni. Tulifanya kazi pamoja kwenye gari la moshi, yeye dereva, mimi mukaguzi wa tiketi. Ananizidi mwaka mmoja. Siku hizi anapita mutaani kwetu Kasuku na piki yake kama bwana harusi. Leo nimejua siri: sindano, kila wiki tatu. Homoni ya kiume, inatoka Kisangani. Kachupa kadogo, mafuta ya njano. "Ndugu yangu, hii njo dawa yenyewe. Wiki mbili tu, mama atakuuliza umekula nini."
Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 17 Machi
Labo. Kalume anasema nipime kwanza. Nimekwenda saa kumi alasiri, maana asubuhi wanawake wa mutaa wote wako pale na watoto wao. Tena nilijisemea damu ya mwenye kufunga iko safi. Usiku nililala masaa matatu tu. Tarawehe, kisha daku.

Alhamisi, 20 Machi
Jibu: homoni chini. Chini sana. Karatasi nimeikunja mara nne. Nimelia chooni. Mwanaume mzima.
Kalume ameniachia chupa moja. Iko ndani ya gunia la mupunga.

Jumamosi, 22 Machi
Zaina amefua nguo zake zote. Anazipanga ndani ya valizi. Baada ya Idi anakwenda Lubutu kwa kaka yake. Siku ngapi? "Nitaona."
Dada yangu ndiye kanifungua macho. Zaina anaamini nina mwanamuke Kailo. Kule ninalala na panya. Ningecheka kama isingekuwa mbaya hivi.
Kumwambia kweli, haya. Kunyamaza, anaondoka. Sindano: sisemi kitu, na yeye anabaki. Nimetoa chupa. Nimeiangalia. Nimeirudisha. Naogopa kile sijui.

Jumapili, 23 Machi
Nimetafuta daftari ya wakati wa vita. Gari la moshi lilikuwa limekufa, nami nilisukuma baiskeli hadi Lubutu kutafuta chumvi. Niliporudi niliandika hivi: "Zaina muzima. Watoto wazima. Mimi mifupa. Siku ya tisa sijamugusa. Uanaume umekwisha." Nilikuwa na miaka thelathini na tisa.
Kurasa sita mbele: "Tumekula samaki siku tatu mufululizo. Mambo yamerudi. Alhamdulillahi."
Mujinga mimi. Ilikuwa njaa. Kama mwili ulinidanganya siku zile, labda unanidanganya tena. Nitatafuta dokta wa kweli.

Jumanne, 25 Machi
Dokta ni mwanamuke, umri wa binti yangu. Ameuliza yote. Nimejibu nikitazama ukuta.
Kupima alasiri, umefunga, hukulala: ni bure. Homoni ile inapimwa asubuhi, muntu amelala vizuri, na ikiwa chini inapimwa mara ya pili. Wako wanaume wanaohitaji sindano kweli, anasema, na inawasaidia. Lakini wanafuatwa, maana damu inaweza kuwa nzito, na tezi dume lazima iangaliwe.
Kisha kanivuta kope ya chini. Ndani nyeupe, anasema. "Papa, shambani unavaa viatu?"
Nani anavaa viatu kwenye mupunga?
Nirudi baada ya Idi.

Jumanne, 8 Aprili
Labo saa moja asubuhi. Damu na kinyesi. Wanawake wa mutaa wameniona. Nimewaamkia, wameitikia, hakuna aliyekufa.
Zaina amepata nafasi kwenye gari la Jumamosi. Nimekosa hamu ya kula.

Alhamisi, 10 Aprili
Homoni: kawaida kwa umri wangu. Damu: haba sana. Kinyesi: minyoo. Ile inayoingia kwenye nyayo na kunywa damu ndani.
Minyoo. Baba wa watoto watano, nilikuwa tayari kujichoma mafuta ya Kalume, kumbe nalisha minyoo. Nimecheka mpaka dokta naye kacheka. Vidonge vya minyoo, vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu, na bote za mpira za kuvaa shambani. Nimerudi kwa miguu. Nimepumua.
Bado Zaina.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimemwambia. Yote. Valizi ilikuwa kitandani kati yetu. Nimetoa karatasi ya kinyesi, maana sina ushahidi mwingine. Ameisoma mara mbili.
"Baba Ramazani, miezi minne namulaani mwanamuke ambaye hayuko."
Amekaa chini, amelia. Kisha hasira: kwa nini Kalume alijua kabla yake? Nimeomba musamaha, na sikuona haya.
Nguo zimerudi kabatini.

Jumamosi, 12 Aprili
Gari la Lubutu limeondoka bila yeye. Chupa nimeirudisha kwa Kalume. Nimemushauri apimwe damu. Amenuna. Atapona.

Jumapili, 1 Juni
Dokta anasema damu inapanda.
Leo tumechelewa kidogo swala ya alfajiri. Ilibidi tuoge kwanza, josho lile la wenye ndoa. Zaina ametangulia kuoga, akaniachia nusu ndoo ya maji ya moto.