Makaratasi ya Sol-fa ya Mwalimu Bedan

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi karibu na reli, Thika
Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1957, saa tisa na nusu alasiri

Jina: Perez Ajwang, mke wa Opiyo
Umri: miaka 34
Kazi: mshonaji nguo sokoni
Makao: Majengo, Thika

Naapa kusema kweli.

Mimi huimba alto katika kwaya ya kanisa letu. Mwalimu wetu ni Bedan Gachanja wa Gatongora, Ruiru. Aliachiliwa kutoka kambi ya kizuizini mwezi wa Agosti. Kwa miaka mitano, tangu Hali ya Hatari itangazwe kwa sababu ya Mau Mau, Wakikuyu na sisi tuliotoka magharibi tumekuwa tukiimba mbali mbali. Krismasi hii Mwalimu alitaka tuimbe pamoja, wimbo aliotunga mwenyewe.

Leo saa tano asubuhi nilikwenda stesheni kumpokea. Alishuka kwenye treni akiwa na barua yake ya ruhusa ya kusafiri na mfuko wenye makaratasi na penseli. Askari Tobias aliisoma barua, akasema ni sawa. Kisha akafungua mfuko. Makaratasi yalikuwa saba, yamejaa sol-fa, yaani noti za kuimba zinazoandikwa kwa herufi, nukta na mistari, bila neno hata moja, kwa sababu maneno Mwalimu alikuwa hajayaandika.

Tobias akauliza, "Hii ni lugha gani?"

Mwalimu akajibu, "Ni muziki, afande."

"Huyu d ni nani?"

"Si mtu. Ni do."

"Na Do anakaa wapi?"

Nilicheka. Nasikitika kwamba nilicheka, maana Tobias alikasirika, akasema hizo ni barua za siri, akamfunga Mwalimu pingu.

Saa sita tulikuwa hapa kituoni. Mwalimu aliambiwa kwamba Jumatatu atarudishwa kambini. Hakubishana. Aliniambia tu, "Mama Jeconia, peleka habari kwa Ngina, asiningoje na chakula." Ngina ni mke wake. Kisha akakatazwa kusema na mtu yeyote, akatiwa seli.

Sikwenda kwa Ngina. Ningemwambia nini? Nilikaa kwenye benchi hadi saa nane, alipofika Koplo Mbuvi, anayeniandikia maelezo haya. Nilimweleza kwamba herufi zile ni sauti, na mtu aliyefundishwa huzisoma akaimba. Akachagua karatasi ya tatu, akaweka kidole mstari wa pili, akasema, "Basi imba, mama."

Sikuwa nimewahi kuuona mstari ule. Nikaimba polepole, na katikati nikakosea.

Sauti ya Mwalimu ikatoka seli. Hakuwa na karatasi, wala hakuweza kutuona. Alisema, "Hapo ni fa, si re. Rudia."

Tobias akasimama kwenda kumnyamazisha. Koplo akamwambia akae, akanionyesha ile herufi. "Hii ni ipi?"

Nikatazama. Ilikuwa f.

Koplo akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasema, "Rudia, kama alivyosema."

Nikarudia. Safari hii Mwalimu akaingia na besi kutoka kule ndani. Waliokuwa naye seli, ambao hata siwajui, wakashika ile besi wakaivumisha. Tuliimba ukurasa mzima. Nililia, lakini noti sikukosa tena.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo. Aliyekosea wimbo ni mimi, si aliyeuandika.

Sahihi: Perez Ajwang

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akakubali kuwa ni sahihi. Mkubwa wa kituo ameyaona makaratasi, akakubali kuwa ni ya muziki. Bedan Gachanja ameachiliwa saa kumi alasiri na kurudishiwa makaratasi yote saba. Askari Tobias ameombwa amrudishie pia penseli yake, na amefanya hivyo. Zamu yangu siku ya Krismasi inaanza saa nane mchana. Asubuhi, atakayenihitaji atanipata kanisani, upande wa besi.

Koplo Mbuvi