Maneno Niliyoyaruka Mbele ya Kamanda

Beni, Jumapili, nyuma ya kanisa

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimia wewe, Mama na wote walioko nyumbani Masereka. Kifua cha mzee wetu Koko kinaendeleaje na baridi ya mlima? Mimi ni mzima. Hapa kwa Mama Mudogo tunakula sombe ya majani ya muhogo kila siku, hata nimeanza kuota viazi vyako.

Utapata barua nyingine, kutoka kwa Préfet, mkuu wa shule. Soma hii kwanza.

Unakumbuka lile gazeti la vijana la Kiingereza ambalo wamisionari waliliacha, nililolisoma hata nikichunga maharagwe kwenye moto? Ndani yake nilikuta maneno ambayo vijana wa ng'ambo wanasifia nayo vitu: cool, great, awesome. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinieleza matumizi yake. Cool unamwambia mwenzako wa rika, kwa shati lake au goli alilofunga. Great ni pana zaidi; hata mama anaweza kuambiwa chakula chake ni great. Awesome ni ya kitu kilichokuacha mdomo wazi. Yote ni ya kuongea na watu uliowazoea, hapana ya barua ya kazi wala ya hotuba.

Basi kamanda wa wale askari wa kigeni wanaoshika barabara zetu akaja kutembelea shule yetu. Préfet alinichagua kusoma hotuba, mimi ambaye hata kuitika jina langu darasani naona haya. Aliiandika mwenyewe, na maneno akayatoa kwenye kayee yangu, daftari nilimoyaandika: kamanda awe awesome, askari wake wawe cool. Nilimwambia polepole kwamba hayafai pale. Akacheka.

"Kavira, mutu mukubwa anapenda sifa. Weye soma tu."

Tulisimama uwanjani tangu asubuhi na majani ya migomba mikononi. Magari yalipofika, nilimtambua askari mmoja. Ni yule wa barrière, kile kizuizi cha njiani Butembo, aliyekunyang'anya chukudu, baiskeli yako ya mbao ya mizigo, pamoja na magunia ya viazi siku uliponileta shuleni, kisha akakuamuru useme asante. Ulisema, Papa, kwa sababu nilikuwa nimekushika mkono.

Nikasoma hotuba yote. Kila nilipofika kwenye neno la sifa, nililiruka. Lakini kamanda alikuwa na nakala yake, akifuata kwa kidole. Aliniuliza kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, kwa nini naruka maneno. Haya ninayo, lakini sauti ilitoka.

"Afande, hayo maneno wanaambiana marafiki. Sisi na nyinyi hatujafika pale."

Hakuna aliyepiga makofi. Kamanda alikunja karatasi, akaomba maji, sherehe ikaendelea. Alipoondoka, Préfet alinifukuza: nisirudi mpaka Papa aje kuomba msamaha mbele ya walimu. Na mitihani iko karibu.

Papa, ninaomba usije. Ninajua ulilima kiasi gani ili niwe hapa. Lakini ulishasema asante moja ambayo hukuwa nayo moyoni, na ulisema kwa ajili yangu. Sitaki nikusemeshe na msamaha wa namna ile ile. Nikikosa mitihani, nitarudia mwaka. Mama Mudogo alinigombeza siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza lile neno refu, awesome, linasemwaje.

Mwambie Mama maharagwe yake ni great. Mdogo wangu Kambale, anayechonga gurudumu la chukudu jipya, mwambie ni cool sana. Koko umfunike vizuri kwa niaba yangu.

Awesome sikumpa kamanda. Siku ile ya barrière, chukudu likiwa limechukuliwa, ulichukua sanduku langu kichwani, ukatembea kwa mguu kutoka Butembo mpaka Beni ili jina langu liandikwe shuleni. Wewe si wa rika langu, lakini neno hili nimekuwekea wewe.

Ni mimi binti yako, asiyejuta,
Kavira