Ngege kwenye Moto wa Polepole

Mjukuu wangu Achieng',

Habari za Nairobi? Huku Kendu Bay mvua imenyesha, ng'ombe wetu amezaa, na babu yako ameketi hapa mlangoni, anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini ngege, samaki wetu wa ziwani, alivunjikavunjika ndani ya ile sufuria yako ya stima inayopika polepole. Humo weka nyama ngumu. Samaki hawezi moto wa kungoja.

Nililiona hilo mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla mama yako hajazaliwa. Babu yako alikwenda Kehancha, mbali kule mpakani mwa Tanzania, kununua dume la kulimia, akasema atarudi siku ya tano mchana. Siku hiyo mama mkwe wangu akambandikia ngege kwenye makaa machache, asipoe. Babu yako aliingia jioni bila dume, miguu yake haina hata vumbi. Chunguni nyama ilikuwa imegeuka uji, na mifupa imetapakaa kama sindano.

"Usile, mwanangu, itakukaba," mama mkwe akamwambia.

"Njia ilikuwa ndefu, mama. Nipe tu."

Alikula upesi, akamaliza bila kutema mfupa hata mmoja. Sahani ilikuwa safi. Tangu jioni ile mama mkwe hakumwita tena kwa jina, wala hakumwita mwanangu. Mimi nilimtandikia kitanda, kwa kuwa alikuwa mume wangu. Mwaka uliofuata nikamzaa mama yako, naye sijamwona akitema mfupa.

Kwa hiyo siku nyingine kaanga samaki wako. Lakini umeandika kwamba huyo aliyevunjika ulimmaliza. Mifupa uliitupa wapi, mjukuu wangu?

Nyanya yako